Kirusi Hakina Miguu: Kutoka Misafara ya Ujiji hadi Mkongo wa Taifa

Lugha yetu ina desturi ya kulipokea neno geni na kulivika nguo za nyumbani. Neno la Kilatini virus, ambalo maana yake ya kale ni sumu, lilipotufikia kwa njia ya Kiingereza, masikio yetu yalilisikia kana kwamba ni wingi: virusi. Tukalitafutia umoja, tukapata kirusi, na neno likaketi katika ngeli moja na kitu, kisu na kikapu. Leo neno hilohilo hutamkwa zahanati, muuguzi anapomweleza mama kuhusu surua ya mwanawe, na hutamkwa pia katika duka la stesheneri pale Mwanga, kijana anapomweleza mteja kwa nini mafaili yake yametoweka. Wanafunzi wangu huniuliza mara kwa mara: je, hivi ni vitu vya jamii moja, au vimefanana majina tu?

Nimeona vyema nilijibu swali hilo kwa njia ya historia, na hasa historia ya ufuko wa Ziwa Tanganyika. Sababu ni mbili. Kwanza, Kigoma na Ujiji ni mwisho wa njia na mwanzo wa njia nyingine, na maambukizi ya kila aina hupenda mahali pa namna hiyo. Pili, jibu lenyewe lina uzito wa kisiasa. Namna tunavyoyaelewa maambukizi ndiyo huamua nani tutamlaumu, nani tutamlinda na nani tutamfungia mlango.

Tuanze na maana. Mwaka 1892 mwanasayansi wa Urusi, Dmitri Ivanovsky, alikuwa akichunguza ugonjwa wa majani ya tumbaku, zao ambalo wakulima wetu wa Tabora na Kigoma wanalijua vizuri. Aliuchuja utomvu wa majani yaliyougua kwa chujio lenye vitundu vidogo kiasi cha kuzuia bakteria wote, na bado utomvu ule uliambukiza majani mazima. Mwaka 1898 Martinus Beijerinck wa Uholanzi alirudia jaribio hilo na kutamka kwamba hapa pana kitu cha aina nyingine kabisa. Baadaye ikafahamika kwamba kirusi ni kipande cha vinasaba kilichofungwa ndani ya ganda la protini. Hakili, hakipumui, wala hakizai peke yake. Huingia katika seli ya kiumbe hai na kuiamuru iache kazi yake, itengeneze nakala za kirusi.

Miongo mingi baadaye, mwaka 1983, mwanafunzi wa Marekani aitwaye Fred Cohen aliandika programu ndogo iliyoweza kujipachika ndani ya programu nyingine na kuifanya itoe nakala zake. Mwalimu wake, Leonard Adleman, ndiye aliyependekeza iitwe kirusi. Mwaka 1986 ndugu wawili wa Lahore, Pakistani, walitoa kirusi kilichoitwa Brain, ambacho kilisafiri kutoka kompyuta hadi kompyuta ndani ya diski laini. Jina, basi, halikutolewa kwa bahati. Aliyelitoa alikuwa ameona kwamba vitu hivi viwili vina umbo moja la kazi: vyote ni maagizo yasiyo na mikono, yanayomtafuta mtekelezaji. Kirusi cha ndui bila seli ya binadamu ni vumbi. Kirusi cha kompyuta bila kompyuta ni maandishi yaliyolala.

Kutokana na hali hiyo linatoka jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo kiini cha mlinganisho wote. Kirusi hakina miguu. Kila hatua kinayokwenda, kinabebwa na mtu, mnyama, chombo au waya, na kinabebwa katika njia ambazo sisi wenyewe tumezijenga kwa ajili ya mambo mengine.

Hapa ndipo Ujiji inapoingia. Katikati ya karne ya 19 mji huu ulikuwa kituo kikuu cha njia ya misafara iliyoanzia Bagamoyo, ikapita Tabora na kuishia ziwani, kabla ya mitumbwi na majahazi kuvusha biashara hadi Umanyema. Ni zaidi ya kilomita elfu moja za mguu. Pembe za ndovu na watumwa vilikwenda pwani. Nguo, shanga, bunduki na baruti vilikuja bara. Richard Burton na John Speke walipofika Ujiji Februari 1858 walikuwa wamepita njia ambayo ndui nayo iliipita. Burton aliandika habari za misafara iliyopukutishwa na ugonjwa huo, wagonjwa wakiachwa kando ya njia.

Tufikiri kidogo jinsi ugonjwa huu ulivyotembea. Aliyeambukizwa ndui hukaa takriban siku kumi na mbili kabla ya homa kumwangusha, na katika siku hizo haonekani kuwa mgonjwa. Mpagazi aliyekwenda kilomita 15 au 20 kwa siku aliweza kukata zaidi ya kilomita 150 akiwa na kirusi mwilini, mzigo begani na wimbo mdomoni. Kambi ilipopigwa usiku, watu walilala bega kwa bega. Walioambukizwa safari ileile waliangukia vijiji tofauti, na kila kijiji kikaona kwamba balaa limeletwa na wapita njia. Mtumwa aliyefungwa mnyororo hakuweza hata kujitenga na mwenzake aliyekuwa akitokota kwa homa. Ndui iliwaua takriban watu watatu katika kila kumi waliougua bila kinga, na waliopona wengi walibaki na makovu, wengine na upofu.

Mwaka 1876 Henry Morton Stanley aliuzunguka ufuko wa ziwa kwa mashua, na aliporudi Ujiji aliukuta mji umeshikwa na ndui. Baadhi ya watu wake aliowaacha hapo walikuwa wameshakufa. Kisa hiki kina funzo ambalo hatujalimaliza hadi leo. Stanley alikuwa amewachanja watu wake miezi ya mwanzo ya safari, walipokuwa wanatoka pwani, na akadhani wote wamechanjwa. Ugonjwa ulipofika ndipo ilipobainika kwamba baadhi walikwepa. Mwishoni mwa Agosti aliondoka Ujiji na kuvuka ziwa kuelekea Umanyema. Miezi michache baadaye, kandokando ya mto Lualaba, ndui ilikuwa inawaua watu wa msafara wa Tippu Tip uliofuatana naye.

Wala tusidhani kwamba kinga ilikuwa elimu ya Wazungu peke yao. Burton huyohuyo aliona kwamba Waarabu wa njia za bara walieneza desturi ya kuchanja: usaha wa mgonjwa ulitiwa katika chale iliyokatwa kwenye paji la uso, baina ya nyusi. Ilikuwa kinga ya hatari, maana aliyechanjwa aliweza kuugua kweli na kuambukiza wengine, lakini hoja yake ilikuwa sahihi: mwili ukionyeshwa adui kwa kiasi kidogo, humtambua akija kwa wingi. Programu za kulinda kompyuta zilianza kwa hoja iyo hiyo. Zilihifadhi alama za virusi vilivyokwisha kujulikana, zikalinganisha kila faili na alama hizo. Na udhaifu wao ni uleule wa kinga ya mwili: adui aliyebadilisha sura hupita mlangoni akisalimiwa.

Tuje zama zetu. Reli ya Kati ilifika Kigoma Februari 1914, ikairithi kazi ya misafara. Mwaka 2009 mkongo wa SEACOM ulitua Dar es Salaam kupitia baharini, na baada yake Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ukasambazwa mikoani hadi Kigoma. Lakini kabla intaneti haijawa ya kila mtu, na hata baada ya hapo, virusi vya kompyuta vilisafiri mikoani kwa njia iliyofanana sana na ya mpagazi: ndani ya flashi. Mwanafunzi alichukua kazi yake kutoka kompyuta ya chuo, akaipeleka stesheneri kuchapisha, akairudisha nyumbani kwa kaka yake, na kaka akaipeleka ofisini. Wengi wetu tunakikumbuka kile kirusi kilichoyaficha makabrasha yote ndani ya flashi na kuweka mahali pake vijipicha vya njia ya mkato vyenye majina yaleyale. Mwenye flashi akabonyeza jina analolijua, na kwa mkono wake mwenyewe akaamuru kirusi kiingie katika kompyuta nyingine. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Duka la stesheneri lilikuwa kambi ya usiku ya zama hizi: mahali pazuri, pa lazima, ambapo watu wasiojuana walilaza mizigo yao pamoja.

Kilomita chache kaskazini ya mji wa Kigoma, katika Hifadhi ya Taifa ya Gombe, historia inatupa sura nyingine ya jambo hili. Jane Goodall alifika huko Julai 1960 kuwachunguza sokwe. Mwaka 1966 sokwe wa Gombe walishikwa na polio, katika wakati ambapo ugonjwa huo ulikuwa umewapata binadamu wa eneo la Kigoma. Baadhi walipooza mikono na miguu, wengine wakafa. Goodall na wenzake wakapata chanjo ya kumeza na kuwapa sokwe waliosalia ndani ya ndizi. Tumezoea kuambiwa kwamba magonjwa hutoka porini kuja kwetu. Hapa inaelekea ni sisi tuliopeleka.

Huko huko Gombe, mwaka 2002, watafiti walitangaza kwamba wamekuta kwa sokwe wa mwituni kirusi ambacho ni ndugu wa kirusi cha UKIMWI, wakitumia kinyesi na mkojo bila kumgusa mnyama. Mwaka 2009 utafiti mwingine ulionyesha kwamba sokwe wenye kirusi hicho walikabiliwa na hatari ya kufa iliyozidi ya wenzao mara kumi hadi kumi na sita. Naomba msomaji aliweke jambo hili sawa, maana limepotoshwa vijiweni: kirusi kilichozaa janga la UKIMWI duniani hakikutoka Gombe. Vinasaba vyake vinaelekeza kwa sokwe wa kusini-mashariki ya Kameruni, kisha mji wa Léopoldville, Kinshasa ya leo, ambako kilienea mwanzoni mwa karne ya 20 kwa msaada wa mito, reli na uchumi wa kikoloni uliowakusanya wanaume mbali na familia zao. Kwa mara nyingine tunaziona njia, na tunaona ni nani aliyezijenga na kwa faida gani.

Hadi hapa nimesema vinavyofanana. Sasa niseme panapovunjika mlinganisho, maana mlinganisho usiojua mipaka yake hupotosha.

Kirusi cha mwilini hakina nia. Hubadilika kwa makosa madogo ya kunakili, na nakala inayoenea zaidi ndiyo inayobaki. Hakuna aliyekaa akaipanga ndui. Kirusi cha kompyuta kina mwandishi. Kuna mtu aliyeketi, akafikiri, akataka jambo: sifa, fedha, kisasi au vita. Mei 2000 kirusi cha barua pepe kilichojifanya ujumbe wa mapenzi kilianzia Ufilipino na kuenea duniani kwa siku chache. Mtuhumiwa alipatikana, lakini sheria ya kumshtaki haikuwapo, na mashtaka yakafutwa. Nchi hiyo ilitunga sheria mwezi uliofuata. Kwa hiyo swali la haki, ambalo halina maana kwa ndui, lina maana kamili kwa kompyuta.

Kwetu swali hilo lilijibiwa kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Ni haki kabisa kumwadhibu mwenye kuingilia na kuharibu taarifa za wengine. Lakini sheria hiyohiyo, katika kifungu cha 16, inamweka katika chungu kimoja mtu anayechapisha taarifa zinazohesabiwa kuwa za uongo. Mwandishi wa kirusi na mwandishi wa habari wasiotakiwa wakawa majirani katika kitabu kimoja cha adhabu. Hilo si jambo dogo, na sababu yake ni hii ifuatayo.

Mei 2017 kirusi kiitwacho WannaCry kilizifunga kompyuta katika nchi zaidi ya 150 na kudai fidia. Hospitali nyingi za Uingereza zililazimika kuahirisha miadi na upasuaji. Hapa virusi viwili vilikutana: kirusi cha kompyuta kikawazuia madaktari kuwatibu wagonjwa wa kweli. Ufa kilioingilia ulikuwa umejulikana kwa shirika moja la ujasusi la Marekani, ambalo liliuficha ili lilitumie kama silaha, hadi siri ilipovuja. Kampuni ya Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha kuuziba Machi mwaka ule, miezi miwili kabla. Walioathirika wengi ni wale ambao hawakukiweka. Ni kisa cha Stanley na wapagazi wake kimerudi na umeme: kinga ilikuwapo, na msimamizi akadhani wote wameipata. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Lakini jambo kubwa zaidi katika kisa hiki ni siri. Dola iliyojua ufa ikaunyamazia, raia wa dunia wakaulipia. Na sisi tuna la kukumbuka. Mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 nchini alitangazwa Machi 16, 2020. Mwanzoni mwa Mei idadi iliyotangazwa ilikuwa wagonjwa 509 na vifo 21, kisha takwimu zikasimama kwa zaidi ya mwaka mmoja. Ni Julai 28, 2021 ambapo Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani na kampeni ya chanjo kuanza. Katika kipindi kile cha kimya, mji wa mpakani kama Kigoma, wenye bandari, soko na wageni wa kila siku kutoka Burundi na Kongo, uliachwa uongozwe na tetesi. Mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii haikutungwa kwa ajili ya mtu mmoja mmoja tu. Serikali nayo ni mwili.

Naja kwenye hatari ya mwisho, ambayo kwangu ndiyo iliyonisukuma kuandika. Neno kirusi halikai pale tulipoliweka. Huhama kutoka kwenye ugonjwa kwenda kwa mgonjwa, na kutoka kwa mgonjwa kwenda kwa kabila lake. Eneo letu la Maziwa Makuu linajua bei ya kuwaita watu wadudu. Rwanda iliilipa mwaka 1994.

Mei 2015 makumi ya maelfu ya Warundi waliokimbia machafuko walikwama Kagunga, kijiji kidogo kilichobanwa kati ya milima na ziwa. Walilala nje, vyoo havikutosha, maji ya kunywa yalikuwa ya ziwa. Kipindupindu kikalipuka, wagonjwa wakahesabiwa kwa maelfu na zaidi ya watu 30 wakafa. Kipindupindu husababishwa na bakteria, si kirusi, na tofauti hiyo ina maana: hushindwa kwa maji safi, choo na maji ya chumvi na sukari. Meli ya Liemba, iliyoundwa Ujerumani na kuunganishwa Kigoma kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia haijaisha, iliwabeba wakimbizi hadi mjini, na katika kambi ya Nyarugusu wakapewa chanjo ya kunywa. Hayo ndiyo yaliyofaa kufanywa. Hata hivyo, mitaani walikuwapo waliosema kwamba wakimbizi ndio ugonjwa, ilhali kipindupindu kimekuwa kikizuka Kigoma tangu kabla hawajafika.

Mtu wa Kigoma alipaswa kuwa wa mwisho kusema hivyo. Yeye mwenyewe anajua uchungu wa kutiliwa shaka uraia wake kwa sababu ya lafudhi au jina la babu yake, wakati Waha walikuwa hapa kabla mpaka haujachorwa. Anayemwita jirani yake kirusi ajue kwamba kwingineko nchini kuna anayemtazama yeye kwa jicho lilelile.

Ndui ilishindwa. Mgonjwa wa mwisho aliyeipata kwa njia ya kawaida alikuwa mpishi wa hospitali huko Merca, Somalia, Oktoba 1977, naye alipona. Mei 1980 dunia ikatangazwa kuwa huru. Ugonjwa uliotembea kwa karne nyingi katika njia zetu ulikomeshwa na watu waliotembea njia zizo hizo wakiwa na sindano na daftari, wakimtafuta kila mgonjwa, wakiandika kila jina, wakiwachanja waliomzunguka. Hawakuzifunga njia. Biashara iliendelea, ndugu walitembeleana.

Hilo ndilo jibu langu kwa wanafunzi. Kirusi cha mwilini na cha kompyuta vinatofautiana katika asili na katika nia, lakini vinashindwa kwa mambo yaleyale matatu: kinga inayomfikia kila mmoja, akiwamo aliyekwepa, taarifa inayotolewa mapema na bila hofu, na kumtenganisha mbebaji na mzigo aliobebeshwa. Kati ya hayo, la kwanza linataka fedha na la pili linataka ujasiri wa serikali. La tatu halisubiri bajeti wala tamko, na linaweza kuanza leo katika soko la Ujiji, pale muuza dagaa wa Kigoma na mnunuzi kutoka Uvira wanaposalimiana.